Flashi Kwenye Rozari

Laptopu ya ndugu yangu haikuwa na diski ndani. Zamani ilikuwa nayo, lakini diski hiyo ilikufa kabla ya mwenyewe kufa. Ilianza kwa kulia kama panya anayetafuna mahindi guniani, kisha siku moja ikanyamaza. Ndugu yangu alikuwa na kibanda cha kupiga chapa na kutoa nakala pale Mbita, na mtu wa kazi hiyo hawezi kukaa bila kompyuta. Akafungua skrubu, akaitoa ile diski, akafunga kifuniko juu ya nafasi tupu, na kompyuta yake yote akaihamishia kwenye flashi.

Mimi niliishia darasa la nane. Kazi yangu ni cherehani, hapa mjini Migori. Flashi nilizijua kama watu wengi wanavyozijua: kitu cha kuchomeka kwenye redio ili kwaya iimbe ukiwa unapiga pasi. Sikujua kwamba kompyuta nzima inaweza kuishi humo. Nilionyeshwa siku niliyokwenda kumwona mama alipotoka hospitali, na hata hapo sikuelewa.

Mama alikuwa amepigwa na kiharusi. Kilimchukua upande wa kulia na kikamchukua maneno. Akili kilimwachia. Ukimwambia jambo anaelewa, ukimdanganya anajua, ukimletea mboga ambazo hazikuchambuliwa vizuri anazisukuma kwa mkono wa kushoto. Lakini kusema hawezi. Kinachotoka ni sauti isiyo na umbo, na yeye mwenyewe akiisikia hufunga mdomo haraka. Huyu alikuwa mwanamke wa maneno. Aliuza samaki maisha yake yote, na kuna watu waliopita meza za wengine wakaja kununua kwake ili tu wasikie atamsema nani leo. Nilikaa naye asubuhi ile chumbani, nikapunga nzi, nikaongea mwenyewe mpaka nikaishiwa. Nikamwambia nakwenda Mbita kumsalimia kijana wake.

Ndugu yangu ndiye alikuwa wa mwisho kuzaliwa kwetu. Hakuwa ameoa. Alikaa na mama nyumbani, kisiwani Rusinga, akilala kwenye simba yake, ile nyumba ndogo ambayo kijana wa Kijaluo hujengewa karibu na lango, na kila siku alivuka kwenda kibandani. Nilimkuta hana mteja. Aliniangalia uso, akajua nimetoka kwa mama. Alivuta rozari kutoka ndani ya shati, na chini ya msalaba palikuwa pamening'inia kijiflashi cheusi, kidogo kama punje ya haragwe kubwa.

"Mbona umevaa hirizi?" nikamwuliza.

"Hii ndiyo kompyuta."

"Na hiyo iliyo mezani?"

"Hiyo ni mwili tu, dada. Roho natembea nayo. Nikiiacha hapa, mtu ataichomoa aweke picha za harusi ya binamu yake, airudishe na virusi vya mji mzima wa Oyugis."

Mwanzoni aliifunga kwa uzi wa nyavu. Uzi ukakatika, flashi ikaangukia kwenye karai la jirani muuza dagaa wa omena, nusura ipimwe na kuuzwa. Rozari alikuwa haivui hata akioga, kwa hiyo akaifunga hapo.

Aliichomeka ubavuni mwa laptopu. Akabonyeza kitufe cha kuwasha, na papo hapo kidole kingine kikaanza kugonga kitufe kimoja cha safu ya juu, mara nyingi nyingi, kama mtu anayegonga mlango akifuatwa na mbwa. Akaniambia lazima ufanye hivyo, kwa sababu mashine ikiamka huitafuta diski kwanza, kwa mazoea. Usipoiwahi inakwenda pale patupu, inakosa, inakasirika. Ukiiwahi inakuuliza, leo niamke kutoka wapi? Unaionyesha flashi. Ikaja orodha fupi kwenye kioo cheusi, akashuka mstari mmoja, akabonyeza. Maandishi meupe yakamwagika kutoka juu mpaka chini, kisha kukawa kweupe, na kompyuta ikawa kompyuta.

"Sasa kaa," akasema. "Usilie, wateja watadhani nimekupunja."

Akafungua faili. Akatoka mama.

Alikuwa amemrekodi kabla ya kiharusi, jioni kwa jioni, kwa kipaza sauti kidogo alichokuwa akitumia kwa kazi za kanisa. Sikujua. Hakutuambia. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe, isiyo na nafasi hata ya wimbo mmoja, kwa hiyo kila jioni alibeba laptopu nyumbani, akaiweka karibu na jiko, mama akasema. Katika rekodi ya kwanza aliyonisikilizisha, mama alikuwa akimgombeza yeye: ondoa hicho kitu mdomoni mwangu, unadhani mimi ni redio? Halafu akasahau kugomba, akaanza kueleza siku baba yetu alipokwenda kwao kumposa akiwa amepanda baiskeli ya kuazima, na mwenye baiskeli akatokea pale pale, mbele ya wazee, akiitaka. Mama alicheka kabla ya kufika mwisho. Alikuwa na kicheko cha kuvuta hewa ndani, na huwezi kujua kama anacheka au amepaliwa mpaka atoe pumzi. Nilikuwa nimekisahau. Wiki zile chache za ukimya zilikuwa zimetosha kunisahaulisha.

Akaingia mtu anayetaka nakala za kitambulisho. Ndugu yangu akasimamisha sauti, akamhudumia, akaja mwingine, akaja mwalimu na mtihani wa shule nzima. Jua likasogea. Nilikuwa na safari ya kurudi Migori.

"Ziko ngapi?" nikamwuliza.

"Nyingi. Ameimba, amesema nani alizaliwa lini na nani alikuwa mwizi. Amekusema na wewe."

"Amesema nini?"

"Utasikia. Ukija Desemba nitakuwekea kwenye memori kadi, usikilize ukishona. Ukiharibu gauni la mtu usinitaje."

Hakuifikia Desemba. Alikuwa ametoka Homa Bay kununua karatasi na wino, amebebwa kwenye pikipiki, na upande wa Lambwe lori la mchanga likawagonga. Mwenye pikipiki aliishi siku chache. Yeye hakuishi hata kidogo. Simu ilinikuta nikipima nguo ya mtoto wa kipaimara. Mtoto alikuwa amesimama mikono juu, na alikaa hivyo muda mrefu kabla mama yake hajamwambia ashushe.

Mwili ulikuwa mochari ya Homa Bay. Siku ya kuutoa, aliyeingia kumvalisha ni waya, yaani shangazi yetu, dada ya baba, pamoja na akina mama wawili wa kanisa. Mimi walinizuia mlangoni. Waya alisema dada wa tumbo moja hawezi, atamwangushia marehemu machozi. Nilikaa nje kwenye benchi na gunia la karatasi ambalo polisi walitukabidhi, karatasi nzima nzima, hata kona hazikukunjika. Nilipomwona ndugu yangu tena alikuwa ndani ya jeneza, na dirisha la jeneza lilionyesha uso peke yake.

Tulimzika mbele ya simba yake. Mama aliletwa kwa kiti. Hakutoa sauti, na watu walisema kiharusi kimemfaa, kimempunguzia. Nilisikia mtu akisema hivyo, nikamtambua.

Baada ya siku za matanga kupita wazee waligawa vitu vyake. Kitanda, baiskeli, shati hili kwa huyu. Laptopu hakuna aliyeitaka. Walikuwa wamejaribu kuiwasha, ikaonyesha mstari mmoja wa Kiingereza kwenye giza, kwamba hakuna kifaa cha kuwashia, na ikakaa hivyo. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa boma letu tangu baba afariki, alisema, "Mpeni dada yake. Walikuwa wanaelewana." Nikaifunga kwenye leso, nikarudi nayo Migori nikiwa nimeipakata. Yale maneno yake ya mwili na roho niliyachukua kama mzaha; sauti nilizisikia zikitoka humu. Njia nzima nilikuwa nikijiambia, mama yumo humu.

Hapa Migori kuna fundi wa kompyuta na simu, kijana wa maneno mengi, mwenye kibanda nyuma ya soko. Nilimwekea laptopu mezani, nikamwambia sitaki irekebishwe sana, nataka sauti zilizomo tu.

Aliiwasha, akaona ule mstari. Akaigeuza, akafungua skrubu, akainua kifuniko. Akaniangalia.

"Mathe, nani amekuuzia hii?"

"Sikununua. Ni ya ndugu yangu."

"Amekuchezea. Haina diski. Ni kama amekupa kuku ametoa matumbo."

"Ndugu yangu amekufa," nikasema.

Akashusha kifuniko polepole. Akasema pole. Akavuta kiti chake karibu, na kuanzia hapo hakufanya mzaha tena, ingawa nilitamani aendelee.

Akasema tuangalie kwanza kama mashine yenyewe ni nzima. Akatoa flashi kwenye droo, akaichomeka ubavuni, akabonyeza kitufe cha kuwasha, na kidole chake kikaanza kugonga safu ya juu kwa namna ile ile. Nilisimama. Ilikuja orodha ile ile fupi. Akashuka mstari mmoja. Yale maandishi meupe yakamwagika, na kioo kikawa cheupe, na mimi nikamshika fundi bega nikasema, "Hapo! Hapo hapo! Tafuta palipoandikwa Mama!"

Alitafuta. Ninamshukuru kwa hilo, kwa sababu alikuwa anajua hakuna kitu, na bado alifungua kila mahali nikiangalia. Kulikuwa na nyimbo za vijana, na picha za pikipiki, na tangazo la duka.

"Hivi ni vyangu," akasema. "Hii ni flashi yangu. Mfumo ukiwashwa kutoka kwenye flashi, mashine inasahau kila kitu ukiichomoa. Mambo ya mtu yanakaa kwenye flashi yake. Ndugu yako alikuwa anawasha na flashi. Nitafutie hiyo, mathe, hata kama imepasuka ganda. Nitatoa kila kitu."

"Na kama imekaa mahali pabaya?"

"Mahali gani?"

Nikatoa simu, nikatoka. Akilini nilikuwa nimeshaiona ile rozari.

Nilimpigia waya nikiwa pale pale nje ya kibanda, nimesimama kati ya mama wa mchicha na mtu wa viatu. Alidhani nimepiga kumjulia hali. Nikamwacha aniambie habari za goti lake, kisha nikamwuliza.

"Waya, ile rozari ya ndugu yangu iko wapi?"

"Iko naye. Niliizungusha kwenye vidole vyake mimi mwenyewe. Yule wa mochari alitaka kuiweka kwenye mfuko wa nailoni, nikamfokea. Mkristo anakwenda na rozari yake."

"Na kile kitu kidogo cheusi kilichokuwa chini ya msalaba?"

"Kile cha mafuta ya baraka?"

"Waya, yale hayakuwa mafuta."

"Kulikuwa na kifuniko. Nilidhani ni kijichupa cha padri. Nilikibusu hata." Kisha akashusha sauti. "Ilikuwa nini?"

Nilimwambia. Ilibidi nieleze mara mbili, kwa sababu waya hajawahi kukaa mbele ya kompyuta, na mimi mwenyewe nilikuwa naeleza kitu nilichokielewa saa hiyo hiyo. Alipoelewa hakusema pole. Alisema, "Mungu wangu, nimemzikia yule mwanamke mdomo wake," na akakata simu. Simlaumu. Mtu yeyote wa kwetu angefanya vile. Nani angesimama mbele ya maiti ya mtoto wa kaka yake aanze kukagua rozari ina nini?

Mume wangu hufanya kazi kwenye mashimo ya dhahabu, huko Nyatike. Si mtu wa kusema. Jioni hiyo nilimweleza akiwa anakula, akaendelea kula, kisha akauliza udongo wa kwetu ni wa namna gani. Nikamwambia mwekundu juu, mawe chini. Akauliza kama kaburi limeshapigwa saruji. Nikamwambia bado, kikundi cha kanisa kimechanga saruji, mafundi wanakuja Jumamosi.

"Kabla ya saruji ni kazi ya asubuhi moja," akasema. "Jeneza bado zima. Huhitaji kulitoa. Unafungua upande wa mikono." Amewahi kuwatoa wenzake mashimoni, anajua anachosema. Kisha akaweka kijiko. "Lakini si mimi. Mimi ni mkwe. Jembe langu haliwezi kugusa pale hata wazee wakiniruhusu."

"Sikukuomba wewe."

"Najua. Nakwambia tu ujue ni Jumamosi. Baada ya hapo utahitaji nyundo."

Nilirudi kwa fundi wa kompyuta kumwuliza swali moja. Akaniambia flashi ni kitu kigumu, kama haijaingia maji inaweza kukaa muda mrefu na ikawaka. Alisema kwa furaha, akidhani ananipa habari njema.

Nilifika Rusinga Ijumaa. Mchanga na kokoto vilikuwa vimeshamwagwa karibu na simba, na saruji ilikuwa imepangwa ndani, juu ya mahali palipokuwa kitanda chake. Nilimkuta baba mdogo anafunga mbuzi. Nilimsalimia, nikamsubiri amalize, nikamwambia yote bila kuzunguka. Tulizungumza Kijaluo, na Kijaluo hakina haraka. Naandika kwa kifupi.

Alicheka kwanza. Hakucheka kwa ubaya.

"Wewe umeolewa Migori ukaharibika," akasema. "Kule mnachimba mpaka chini ya vitanda. Sasa kila shimo mnadhani lina kitu."

"Hili lina kitu, baba."

"Lina mtoto wetu."

"Na sauti ya mama."

Akaketi kwenye jiwe. Akaniambia nitahitaji karatasi ya serikali, na chifu hataandika karatasi ya kufukua mtu kwa sababu ya nyimbo. Akaniambia tukifanya bila karatasi, bado kuna chira, na hapo hakuwa anacheka. Chira ni ule ugonjwa unaokula watu polepole kwa sababu mwiko umevunjwa, na hauchagui aliyeuvunja; unaweza kumfuata mtoto aliyekuwa shuleni. Alisema kaburi likifunguliwa lazima liambiwe sababu, na udongo hauelewi kompyuta.

"Basi wewe niambie," nikasema. "Ile siku baba alikwenda kuposa na baiskeli ya watu, ilikwishaje? Ni ndugu yako. Niambie nirudi Migori."

Alifikiri kwa uaminifu. Niliona anatafuta.

"Nilikuwa mtoto," akasema. "Nakumbuka baiskeli. Mengine alikuwa anayajua mama yako."

"Ndiyo hayo ninayosema."

Mbuzi akajizungusha kwenye kamba mpaka ikaisha, akaanza kulia, na hakuna aliyekwenda kumfungua. Baba mdogo si mtu mbaya. Alimsomesha ndugu yangu baada ya baba kufariki. Angeweza kunifukuza kwa neno moja, kwa sababu binti aliyeolewa hana kauli kwenye kaburi la kwao, na wote wawili tulijua hivyo. Hakulitumia neno hilo. Alisema, "Sauti ni ya nani?"

"Ya mama."

"Na mtoto ni wa nani?"

"Wa mama."

"Basi kesho tutamwuliza mwenyewe, mbele ya mafundi. Akisema ndiyo, mimi nitatafuta kondoo wa tambiko, na nitakwenda kwa chifu na kofia mkononi. Akisema hapana, unachota maji ya saruji kama binti mwingine yeyote."

Nilikubali. Nilikubali haraka, kwa sababu nilikuwa na uhakika. Nani angekataa kurudishiwa maneno yake? Usiku ule nililala chumba kimoja na mama. Sikumwambia lolote. Nilitaka asikie kutoka kwa baba mdogo, isije ikasemwa nimemfundisha.

Asubuhi mafundi walikuja wakiwa wawili, wakaanza kupima ubao wa kingo. Tulimtoa mama na kiti chake cha plastiki, tukakiweka kwenye kivuli cha paa. Waya naye alikuja, hakuniangalia. Baba mdogo alipiga magoti moja kwa moja mbele ya kiti, jambo ambalo sikutarajia, akamshika mama mkono ule mzima.

Akamweleza vizuri. Hakupindisha kitu ili ashinde. Alimwambia kijana alikuwa amemrekodi, na mama akaitikia kwa kichwa, anakumbuka. Alimwambia ile mashine ilikuwa na roho ndogo ya kuvaa shingoni, na kwamba ilizikwa kwa bahati mbaya, mkononi mwake. Waya akaanza kulia. Alimwambia, "Binti yako anataka tufungue upande wa mikono, tuitoe, ili wewe usikike tena, na wajukuu wakusikie. Inawezekana. Mimi nitabeba mzigo wa mwiko. Wewe ndiye wa kusema."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniangalia mimi, muda mrefu. Nilimwambia, "Mama, ulikuwa unacheka. Nilikusikia unacheka."

Akasukuma mkono wa kiti. Tukadhani anataka kusogezwa. Waya akaenda kumshika, akamsukuma waya. Akasimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya peke yake tangu hospitali, akavuta ule mguu uliokufa, hatua, akapumzika, hatua. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Alipofika kwenye kaburi akaanguka juu yake, sijui kama alianguka au aliketi. Akajipanga hapo, gauni likajaa udongo mwekundu. Akautandaza mkono wake mzima juu ya mchanga, kiganja chini, vidole vimeachana, kama mtu anayefunika chungu. Na akaniangalia tena.

"Umeona," akasema baba mdogo.

"Hajaelewa," nikasema. "Mwulize tena."

Mama akapiga udongo kwa kiganja. Mara moja tu. Alikuwa ameelewa.

Nilibishana na mama yangu asiyeweza kunijibu. Nilimwambia ndugu yangu alizifanya zile jioni zote kwa ajili yetu, je, zioze? Nilimwambia hata yeye mwenyewe angetaka zitolewe. Nilimwambia watoto wangu watasahau alivyokuwa akiyataja majina yao. Mafundi walikwenda kusimama nyuma ya simba kwa aibu. Mama hakuondoa mkono. Machozi yalikuwa yakimtoka upande mmoja, ule mzima, na mdomo wake ulikuwa umefungwa kabisa.

Nikachukua ndoo.

Maji ya kwetu ni ya ziwani, na njia inapanda wakati wa kurudi. Nilikwenda na kurudi mara nyingi. Kila niliporudi nilimkuta bado ameketi juu ya kaburi, na mafundi wakichanganya pembeni yake, wakimzunguka. Mchanganyiko ulipokuwa tayari baba mdogo na waya walimwinua. Hakukataa. Alisimama akiwa ameshikwa huku na huku, na karai la kwanza lilipomwagwa akafungua mdomo.

Sijui niiiteje sauti ile. Haikuwa nduru ya matanga, ile yenye majina ndani yake. Ilikuwa ndefu, ikakatika, ikaja tena. Aliiacha itoke, hakufunga mdomo, hakujali nani anasikia. Mafundi walisita, baba mdogo akawaashiria waendelee. Nilisimama na ndoo tupu nikasikiliza mpaka ikaisha.

Sijui kwa nini alikataa. Labda hakutaka mwanawe asumbuliwe. Labda alimwogopea mtoto fulani ile chira. Labda hakutaka kusikia mwanamke yule mwingine, yule aliyekuwa yeye zamani, akisema kwa urahisi namna ile. Nimewauliza watu, kila mtu ana lake, na anayejua hawezi kuniambia. Mimi nilidhani alikosea, na bado nadhani alikosea. Kama uamuzi ungekuwa wangu ningefungua.

Mafundi walipokwenda nilimketisha nyuma ya nyumba, nikaleta beseni na sabuni. Udongo ulikuwa umemwingia kwenye kucha, kwenye mikunjo ya magoti, chini ya gauni mpaka mapajani, na saruji kidogo ilikuwa imemrukia mguuni ikaanza kukauka. Nilimsugua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nimemkasirikia, na yeye alijua, na hakuuvuta mguu.